Simulesheni ya PhET inatoa ukinzani wa ndani sifuri, maabara inatoa 1.5 Ω. Tumfundishe nani kumwamini nani?

#1 Mwl_Nguzo
Wakuu, habari za jioni.

Jaribio ni lile lile la kila mwaka: kutafuta E (volti kamili ya seli, emf) na r (ukinzani wake wa ndani) ya seli kavu. Seli moja kubwa ya tochi (saizi D), ammita ya sindano 0–1 A, sanduku la ukinzani, swichi na waya. Unabadilisha R (ukinzani wa sanduku) kuanzia 1 hadi 5 Ω, unasoma I (mkondo), unachora R dhidi ya 1/I. Kwa kuwa E = I(R + r), basi R = E(1/I) − r. Mteremko ni E, na pale mstari unapokata mhimili wa R chini ya sifuri ndipo ilipo r.

Vijana walianza na PhET kwenye kompyuta, betri 1.5 V. Wakapata 1.50, 0.75, 0.50, 0.38, 0.30 A. Mstari umepita (0,0), kwa hiyo r = 0.

Maabara, kwa R zile zile: 0.60, 0.42, 0.33, 0.27, 0.23 A. Mteremko karibu 1.5, mkato karibu −1.5. Seli ni mpya, voltimita inasoma 1.52 V swichi ikiwa wazi.

Hoja yangu: nyenzo za mtandaoni kwa upande wa vitendo zinapotosha. Mwanafunzi anaona namba safi, akifika mezani anadhani kaharibu. Na sasa kuna waliopika data ifanane na ya kompyuta. Karibuni mnipinge.

#2 KokotoaTu
Naweka kambi hapa. Chai iko jikoni.

#3 Ohmu_wa_Pwani
Mkuu, simulesheni haijakudanganya. Imejibu ulichoiuliza. Betri ya PhET ikitoka mfukoni haina ukinzani wa ndani wa kuhesabika, na waya zake vivyo hivyo. Uliifunga seli kamilifu na waya kamilifu, ulitegemea nini?

Fanya hivi:
Fungua Circuit Construction Kit: DC, ingia ukurasa wa Lab, siyo Intro. Upande wa kulia kuna kidirisha kinachoitwa Advanced, kimefungwa, kibonyeze kifunguke. Humo kuna kitelezi cha ukinzani wa waya na kingine cha ukinzani wa ndani wa betri. Cha betri kipeleke 1 Ω. Sasa betri 1.5 V, R zile zile, utasoma 0.75, 0.50, 0.38, 0.30, 0.25. Mstari utakata kwenye −1 au karibu sana.

Walimu wengi hawajawahi kukifungua hicho kidirisha. Na ni afadhali mwanafunzi asijue umeweka ngapi. Weka wewe, kifunge, mwambie atafute.

#4 BibiGrafu
Nyongeza kwa #3 kabla hamjasherehekea. Ammita ya PhET inaonyesha desimali mbili tu. Kwa R = 3 jibu la kweli ni 0.375, inakuandikia 0.38. Ukigeuza, 1/0.38 = 2.63 wakati ilipaswa kuwa 2.67. Kwa hiyo hata huko kwenye kompyuta nukta hazilali sawasawa juu ya mstari. Mwanafunzi akileta grafu ya PhET iliyonyooka kabisa, huyo kapika.

Dawa ni kupunguza kosa la kukadiria kwa kupandisha mkondo: weka betri 9 V badala ya 1.5. R zile zile na r = 1 zitatoa 4.50, 3.00, 2.25, 1.80, 1.50. Desimali mbili zinatosha hapo.

#5 SodaKaustiki
Mwl_Nguzo, swali la uchokozi: sanduku lako la ukinzani ni la plagi za shaba au la kuzungusha? Kama ni la plagi, uwezekano ni mkubwa kuwa unapima uchafu.

Kwenye sanduku la plagi, kuchomoa plagi ndiko kunakoingiza ukinzani. Zile zilizobaki zimekaa kwenye mstari mmoja na mkondo unapita kwenye kila moja. Plagi ikilegea au ikiwa na kutu ya kijani, inaongeza sehemu ya Ω ambayo haijaandikwa popote. Zikandamize huku unazizungusha kidogo, usiziingize kama msumari.

#6 Mjuzi_wa_Mambo
Tusidharau PhET jamani. Aliyeianzisha, Carl Wieman, alipewa Nobeli kwa kazi hiyo.

#7 BibiGrafu
@Mjuzi_wa_Mambo hapana. Wieman alipata Nobeli ya fizikia mwaka 2001, pamoja na Eric Cornell na Wolfgang Ketterle, kwa ile kazi ya kupoza atomi hadi hali ya Bose-Einstein. PhET aliianzisha 2002 pale Chuo Kikuu cha Colorado Boulder. Nobeli ilitangulia.

#8 Mjuzi_wa_Mambo
Nimesahihishwa, asante bibi.

#9 KaratasiYaTatu
Salamu kutoka Kenya. Jaribio kama hili linatokea hata kwenye karatasi yetu ya vitendo, ila mara nyingi sisi huchora 1/I dhidi ya R. Mteremko unakuwa 1/E na mkato r/E. Wanafunzi husahau kuzidisha mkato kwa E, kisha wanaandika r kwa kizio cha A⁻¹. Kwa hilo wa Tanzania mmetuzidi, mkato wenu ni r moja kwa moja.

Kuhusu 1.5 Ω, mimi nashuku mita. Kama mlitumia multimita ya kidijitali kwenye rinji ya 200 mA, ile peke yake ina karibu 1 Ω ndani. Jibu lenu ndilo hilo.

#10 Ohmu_wa_Pwani
@KaratasiYaTatu hoja ya rinji ni ya kweli kwa multimita ndogo za bei nafuu: kwenye 200 mA zinakula kama 200 mV mkondo ukijaa, yaani 1 Ω, bila kuhesabu fyuzi. Lakini tazama data zake. Mkondo mdogo kabisa ni 0.23 A. Kwenye rinji ya 200 mA skrini ingeandika "1" upande wa kushoto, na kwa R = 1 huenda fyuzi ingeshakwenda. Tena kasema ammita ya sindano.

Kwa wanaotumia multimita: jaribio hili ni la tundu la 10 A. Ndani mle kuna kipande kinene cha waya, karibu 0.01 Ω. Tatizo linahamia kwenye zile nyaya zake nyekundu na nyeusi, nyembamba ndani, plastiki nene nje.

#11 KaratasiYaTatu
Nimekubali nusu. Fyuzi nayo haijafa mpaka umeihakikisha imekufa.

#12 Sindano_Sifuri
Badala ya kubahatisha, pima. Saketi ikiwa imefungwa kwa R = 1, chukua voltimita uguse sehemu hizi moja moja, kila mara soma haraka kisha fungua swichi:

a) vichwa vya seli yenyewe, siyo klipu
b) skurubu mbili za ammita
c) vichwa viwili vya sanduku la ukinzani

Gawanya kila moja kwa 0.60 A. Ya (a) ukiitoa kwenye 1.52 na kugawa kwa mkondo unapata r ya seli peke yake. (b) ni ammita, (c) ni sanduku. Kinachobaki ni waya, klipu na swichi. Dakika kumi utakuwa na mshitakiwa.

Grafu yako haipimi r ya seli. Inapima kila kitu kilichomo kwenye saketi ambacho hukukiandika kwenye safu ya R.

#13 LughaGongana
Nje ya mada kidogo. Kuna mtu kwenye uzi mwingine kaandika "simulizi ya saketi". Simulizi ni za Abunuwasi jamani. Tuseme uigaji, au tukubali simulesheni liishe.

#14 SodaKaustiki
Kwa r = 0, ile ya #1 ilikuwa simulizi haswa. Hapo zamani za kale palikuwa na betri isiyo na ukinzani...

#15 LughaGongana
😂 Paukwa!

#16 TwigaMweupe
Wataalamu, hizi PhET tunazipataje shule ambayo intaneti ni bando la mwalimu? Na kuna nyingine za zamani hazifunguki kabisa, ukurasa unabaki mweupe.

#17 SevaYaKijiji
@TwigaMweupe kuanzia mwisho: zisizofunguka ni za enzi za Flash, programu ya zamani ya kivinjari. Flash ilifungiwa kazi tarehe 31 Desemba 2020, usipoteze bando kuitafuta. Tumia zile za HTML5, ndizo karibu zote zinazohitajika sekondari.

Njia fupi: kila simulesheni ya HTML5 ina kitufe cha kupakua. Inashuka kama faili moja tu, megabaiti chache, ndani yake kila kitu kimo. Weka kwenye flashi, nakili kwenye kompyuta, bonyeza mara mbili, inafunguka kwenye kivinjari bila intaneti. Jina la faili likiishia _en ni Kiingereza, likiishia _sw ni Kiswahili. Siyo zote zimetafsiriwa, angalia orodha ya lugha chini ya kila moja.

Njia ndefu ni Kolibri, programu ya masomo bila intaneti, ya Learning Equality. Inasimikwa kwenye kompyuta moja (Windows au Linux) au Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja), hiyo ndiyo seva. Nyingine zote, hata simu, zinaingia kwa kivinjari kupitia Wi-Fi: anwani ya IP ya seva, halafu :8080. Ndani unaingiza chaneli: PhET ipo, Khan Academy ipo, zipo na za Kiswahili. Usishushe Khan Academy ya Kiingereza nzima kwa bando, ni makumi ya GB. Chagua mada unazofundisha tu, au nakili kwenye diski kutoka kwa mwenye nayo, Kolibri inaruhusu kuingiza kutoka diski.

Yanayoharibika kwenye Pi, kwa mpangilio wa kawaida:
– Chaja. Pi 4 inataka 5 V na 3 A. Ukiweka chaja ya simu, alama ya radi inatokea kwenye skrini, na mashine inajizima darasa likiwa limeanza.
– Kadi ya SD. Umeme ukikatika ghafla mara kadhaa, kadi inaharibika na haiwaki tena. Weka kadi ya pili iliyonakiliwa tayari, droo ya mwalimu.
– Wi-Fi ya ndani ya Pi. Inachoka mapema darasa likijaa. Unganisha Pi kwa kebo kwenye ruta ya kawaida, hata isiyo na laini ya intaneti, ruta ndiyo igawe Wi-Fi.

#18 TwigaMweupe
Ubarikiwe mkuu. Ile faili moja naweza kuwatumia wanafunzi WhatsApp?

#19 SevaYaKijiji
Unaweza, itume kama hati. Shida inakuja kwenye kufungua: Android nyingi zikiona .html zinaifungua kwa kisomaji kidogo kisichoendesha JavaScript, wanaona weupe mtupu na kukwambia "sir, faili mbovu". Waipakue, waende kwenye faili za simu, wachague kufungua kwa Chrome. Simu ilazwe. Kwenye iPhone usihangaike na hiyo njia, watumie seva.

#20 DodosoLaKemia
Kwa kemia PhET ina titrasheni pia, inaokoa asidi na indiketa.

#21 SodaKaustiki
@DodosoLaKemia haina titrasheni yenye bureti. Ina ya kipimo cha pH, ya myeyusho wa asidi na besi, ya molariti, ya kusawazisha milinganyo. Unayoifikiria ni maabara pepe ya ChemCollective, ya Carnegie Mellon. Ile unachagua kemikali ghalani, unamimina kwa pipeti na bureti, pH inasomeka pembeni.

Ila hata ile haimfundishi mtoto kusoma meniskasi wala kutoa kiputo kwenye ncha ya bureti. Kiputo kikitoka katikati ya kazi, ujazo wake unahesabika kama asidi iliyotumika, na haikutumika. Kompyuta haina kiputo.

#22 Mwl_Nguzo
Nimerudi. Nimefuata #12. R = 1 Ω, I = 0.60 A:

Seli (kwenye vichwa vyake): 1.24 V
Ammita: 0.31 V
Sanduku: 0.66 V

Sanduku ni la plagi, @SodaKaustiki. Na @KaratasiYaTatu, hakuna multimita kwenye saketi, nimeitumia upande wa volti tu.

#23 Sindano_Sifuri
Safi. Tuhesabu.
Seli: (1.52 − 1.24) ÷ 0.60 = 0.47 Ω
Ammita: 0.52 Ω
Sanduku: 1.10 Ω, yaani 0.10 ya ziada
Waya, klipu, swichi: 1.24 − 0.31 − 0.66 = 0.27 V, ambayo ni 0.45 Ω

Ziada zote: 0.47 + 0.52 + 0.10 + 0.45 = 1.54. Grafu yako kwa hesabu ya kompyuta inatoa 1.53. Seli ina chini ya theluthi ya kesi.

#24 SodaKaustiki
Plagi zangu zimeachiwa huru kwa 0.10. Haya.

#25 Ohmu_wa_Pwani
Sasa hiyo 0.52 Ω ya ammita haikai vizuri. Ammita ya 0–1 A ya kawaida inaangusha kama 75 mV sindano ikifika mwisho. Hiyo ni 0.075 Ω. Yake ni mara saba. Nahisi shanti ya ndani (kipande kinachopitisha mkondo mwingi pembeni ya koili) imelegea nati. Ifungueni nyuma mkaze.

#26 BibiGrafu
@Ohmu_wa_Pwani subiri. Shanti ikilegea, mkondo mwingi zaidi unasukumwa kwenye koili, na sindano inasoma kubwa kuliko ukweli. Kila I inakuwa kubwa kwa kizidisho kimoja, k. Basi 1/I zote zinapungua kwa k, na mteremko unatoka kE badala ya E. Mteremko wake ni 1.50, voltimita inasema 1.52. Kwa hiyo k ni karibu 1, ammita inasoma ukweli. Labda voltimita iliguswa kwenye klipu badala ya skurubu, na klipu zimehesabiwa kama ammita.

Hiki kipimo wanafunzi wakijue:
kosa la kizidisho linaonekana kwenye mteremko,
ukinzani wa ziada unaonekana kwenye mkato,
kosa la sifuri linaharibu vyote viwili.

Mfano wa la tatu kwa data hizi hizi: sindano ingekuwa imeanzia 0.02 badala ya 0, I za kweli zingekuwa 0.58, 0.40, 0.31, 0.25, 0.21. Chora upya: mteremko unashuka hadi 1.32 hivi na mkato unakuja −1.28. Makosa ya 0.02 tu! Kwenye 0.60 ni asilimia 3, kwenye 0.23 ni karibu asilimia 9, ndiyo maana mstari unainama.

#27 Ohmu_wa_Pwani
Hoja ya k imeniingia. Lakini mita za wanafunzi zipo nyingine ambazo kweli zina ukinzani mkubwa, koili nene na shanti ya bati. Siifuti 0.52 mpaka aguse tena kwenye skurubu.

#28 WayaMtupu
Mimi macho yangu yako kwenye 0.45 Ω ya waya na swichi. Waya wa shaba wa mita 1 wenye unene wa 0.2 mm² ni karibu 0.085 Ω. Vipande vitatu vya nusu mita vyote ni kama 0.13. Iliyobaki, 0.3, imetoka wapi?

Zile nyaya za klipu za meno zinazouzwa kwa pakiti za rangi rangi: vuta mpira wa klipu nyuma uangalie. Mara nyingi nyuzi chache zimekunjwa tu chini ya bati, hazikuchomelewa. Nyingine hata shaba si shaba, sumaku inazishika. Chomelea kila mwisho kwa risasi, au tupa klipu ufunge waya kwenye skurubu. Swichi ya kisu ipigwe msasa laini kwenye mdomo.

#29 Betri_Chakavu
Wote mnaichukulia r ya seli kama namba iliyokaa kitako. Kwenye seli ya zinki na kaboni haikai. Ukiiacha ikitoa 0.6 A, volti inashuka huku unaangalia, kwa sababu haidrojeni inajikusanya kwenye kaboni na manganizi haiwahi kuimaliza. Ukifungua swichi inajirudia polepole. 1.24 V ya sekunde ya pili siyo ya dakika ya pili.

Kwa hiyo mpangilio wa kusoma unaathiri jibu. Akianza R = 1 kwenda 5, seli inafika kwenye 5 ikiwa imechoka, 1/I za juu zinakuwa kubwa kuliko haki, mteremko na r vinatoka vidogo. Akianza 5 kushuka 1, ni kinyume, r inatoka kubwa. Mwl_Nguzo alianzia wapi?

#30 Mwl_Nguzo
1 kwenda 5, swichi ikiwa imefungwa muda wote.

#31 Betri_Chakavu
Basi 1.54 ya #23 na 1.53 ya grafu hazikupimwa kwenye seli ile ile, ingawa ni seli ile ile. Kulingana kwao kwa 0.01 ni bahati.

#32 Sindano_Sifuri
@Betri_Chakavu bahati gani inayolingana hadi desimali ya pili? Hizo sekunde chache za kusoma nukta tano hazichoshi seli mpya ya D kiasi hicho.

#33 Betri_Chakavu
Darasa la watoto arobaini kusoma nukta tano kwa sekunde chache? Labda kwenye PhET.

#34 KokotoaTu
Chai imeisha, naongeza maji.

#35 HesabuBilaMachozi
Niingize ya grafu. Wengi wanachora kwa mkono halafu wanabishana mkato ni −1.4 au −1.6. GeoGebra Classic, programu ya grafu, inafanya kazi bila intaneti na inasaidia kuhakiki. Fungua jedwali: safu A weka R, B weka I, kwenye C1 andika =1/B1 kisha vuta chini hadi C5. Tengeneza orodha ya nukta, C iwe x na A iwe y. Kwenye mstari wa amri andika FitLine (amri ya kutafuta mstari unaofaa nukta zote) na jina la orodha. Kwa data za #1 inatoa y = 1.5x − 1.53 hivi, ukikadiria.

Kosa la kila siku: kuchagua A kisha C, x na y zinabadilishana, unapata mteremko 0.67 na mkato 1.02. Hapo umepata 1/E na r/E za Wakenya, siyo E na r.

#36 KaratasiYaTatu
Tumetajwa tena 😄 Ila hata hivyo jibu ni lile lile: 1.02 × 1.5.

#37 BibiGrafu
Angalizo kwa #35: FitLine inazipa nukta zote uzito sawa. Ukigeuza I kuwa 1/I, nukta za mkondo mdogo zinabeba kosa kubwa zaidi. Kosa la 0.005 A kwenye 0.60 linasogeza 1/I kwa 0.014, kwenye 0.23 kwa 0.09. Jicho la mwalimu mzoefu linaliona hilo na kuegemea nukta za chini. FitLine hailioni.

#38 HesabuBilaMachozi
Kweli. Kwa hiyo mkono kwanza, GeoGebra baadaye. Na mtihani unataka mkono.

#39 TwigaMweupe
Na zile programu za kupiga picha swali la hesabu likajibiwa? Photomath na wenzake.

#40 HesabuBilaMachozi
Zina hatua, siyo jibu tu, lakini mwanafunzi anasoma mstari wa mwisho. Njia inayofanya kazi: mpe jibu la programu lililo tayari, hatua zote, mwambie aeleze kila hatua ilitumia kanuni gani. Kwa wadogo Ubongo Kids ina namba na vipimo kwa Kiswahili, tangu 2014. Kwa vitabu vya mtaala kuna maktaba mtandao ya TIE (Taasisi ya Elimu Tanzania), Kenya wana ya KICD, taasisi yao ya mitaala. Mitihani ya nyuma iko kwenye tovuti ya TETEA. Haya turudi kwenye seli, tusiuharibu uzi.

#41 Ohmu_wa_Pwani
Turudi kwenye dai la #1. Sasa chukua PhET, weka ukinzani wa ndani, ongeza rezista ya 0.5 Ω uite "ammita" na nyingine 0.5 uite "waya", uzifiche nyuma ya ammita kwenye mfululizo. Mwambie mwanafunzi atafute r kwa grafu, kisha kwa voltimita kwenye vichwa vya betri. Namba mbili zitapishana, na ataulizwa kwa nini. Simulesheni hiyo hiyo iliyodaiwa kupotosha ndiyo inayoonyesha kosa la maabara yako.

Na wakataze ile ammita ya kuelekeza juu ya waya bila kukata saketi. Kwenye meza hakuna kitu kama hicho.

#42 WayaMtupu
Mimi nabaki upande wa Mwl_Nguzo kwa jambo moja: maabara itangulie, kompyuta ifuate. Aliyeshika klipu iliyolegea na kuona sindano ikicheza, ukimpa PhET anajua nini kimeondolewa. Aliyeanza na PhET anatafuta kitufe cha Advanced kwenye seli ya tochi.

#43 SevaYaKijiji
Shule yenye ammita moja na wanafunzi sitini itatangulizaje maabara?

#44 WayaMtupu
Kwa zamu.

#45 SevaYaKijiji
Zamu ya mwisho itafika seli ikiwa imekufa. Muulize Betri_Chakavu.

#46 Betri_Chakavu
Nathibitisha.

#47 Sindano_Sifuri
Mwl_Nguzo, ombi. Rudia kwa seli mpya nyingine: 5 kushuka 1, swichi ifungwe sekunde mbili tu kila nukta, ipumzike dakika moja katikati. Voltimita iguse skurubu za ammita, siyo klipu. Ukipata mkato ule ule −1.5, Betri_Chakavu ananinunulia soda.

#48 Betri_Chakavu
Na ukisogea hata 0.2, soda yangu iwe baridi.

#49 Mwl_Nguzo
Sawa. Seli mpya zipo mbili. Klipu moja nimevuta mpira wake kama alivyosema #28, nyuzi zilizoshika ni tatu, zilizobaki zimekatika. Nachomelea kwanza au nipime kwanza zikiwa hivi hivi?

#50 WayaMtupu
Chomelea.

#51 Sindano_Sifuri
Usichomelee! Ukibadilisha waya na mpangilio kwa pamoja hatutajua kilichosogeza mkato ni kipi. Pima kwanza zikiwa hivyo hivyo, halafu chomelea, halafu pima tena.

#52 Mwl_Nguzo
Hiyo ni seli zote mbili. Haya.